Unga Mweupe wa Wifi Olinda

Mafuta ya taa hayaingii kwenye unga mara moja. Hukaa juu kwanza, yakaviringika vidonge vidonge kama manyunyu ya kwanza kwenye vumbi, halafu unga unakubali na kuyanywa. Nililijua hilo kwenye gunia la kwanza. Lililofuata nililikoroga kwa mwiko mrefu wa jikoni, ule wa kusongea ugali wa shule nzima, huku namimina.

Mzee Shaibu, mpishi wetu, alisimama mlangoni mwa stoo ameshika sinia tupu.

"Mwalimu Esta, umeingiwa na nini?"

"Nipishe mwanga," nikamwambia.

Hakunipisha. Alitupa sinia chini akatoka mbio, akipiga kelele kana kwamba bweni linaungua. Magunia yalikuwa bado yapo, kwa hiyo niliendelea. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, wasichana wako madarasani. Kidato cha tatu walikuwa na kipindi changu cha Kiingereza saa hiyo hiyo. Nilikuwa nimewaachia zoezi ubaoni.

Watu wa Mtwara wamelisimulia jambo hili kwa namna yao. Kwa namna yao, mimi ni mwanamke aliyemwaga mafuta ya taa kwenye chakula cha watoto wenye njaa kwa sababu ya ugomvi na wifi yake. Chakula kilikuwepo, njaa ilikuwepo, ugomvi ulikuwepo tena mkubwa. Sababu ndiyo hawakuipata.

Simpendi wifi yangu Olinda, na nisingependa mtu asome hadi mwisho akidhani nalificha. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, Adelino. Wazazi wao walivuka Ruvuma kuja kukata mkonge upande wetu, wakazeekea hapa. Adelino akasoma, akapata ukarani bandarini. Olinda akabaki Kilambo, karibu na mto, akilima na kuuza. Alikuwa mrefu, mwenye chale nzuri za Kimakonde mashavuni, na sauti ya kukukalisha kitini hata kama umekuja kugombana. Watu walimpenda kabla hajamaliza kusalimia. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya wageni akasema ndugu yake amepata mke aliyesoma mpaka akasahau kupika, na wageni wakacheka, na mimi nikacheka kwa sababu bibi harusi hana cha kufanya kingine. Nilipojifungua Celeste, alimfunua uso, akamtazama vizuri, akasema, "Mtoto mzuri. Amemkwepa mama yake."

Hayo ningeyameza. Lakini nilipokwenda Dar es Salaam chuoni kuchukua stashahada, Celeste alikaa kwa shangazi yake. Nikarudi na cheti, nikamkuta mtoto anamwita Olinda mama na mimi ananiita Mwalimu. Olinda alisimama nyuma yake, mikono mabegani mwa mtoto, anatabasamu. "Usijali, wifi," alisema. "Atakuzoea."

Mwaka 1968 vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vimeshika. Watu walivuka mto na watoto na vyungu, na upande wetu mvua zilikuwa zimetutupa. Nilikuwa nafundisha Kiingereza na sayansi kimu kwenye shule ya bweni ya wasichana, njia ya kwenda Naliendele, na kwa ajili ya sayansi kimu nilikabidhiwa funguo za stoo. Celeste alikuwa kidato cha kwanza hapo hapo, analala bwenini kama wenzake. Sembe ilikoma madukani. Tukaanza kula makopa ya muhogo, yale ya kijivu, na wazazi wakalalamika kwamba binti zao wanalishwa unga wa majivu.

Jumapili moja Adelino alitaka kumsalimia dada yake, tukaenda Kilambo. Ua wa Olinda ulijaa wanawake waliovuka, kila mmoja na mchi. Walikuwa wanatwanga muhogo mbichi. Nyuma yao mikeka ilienea hadi migombani, na juu yake ule muhogo uliokamuliwa ulikuwa unakauka, mweupe hadi unaumiza macho. Niliokota kipande ambacho hakijatwangwa, nikauma. Ulimi ukafa ganzi.

Mimi ni mtoto wa Nanyamba. Muhogo mchungu naujua. Ni ule ambao hata nguruwe pori akiufukua anauacha. Mama yangu aliumenya, akaulundika chini ya majani mpaka ukalainika na kuota ukungu mweusi, akaukwangua, ndipo akauanika, na jua lake lilikuwa la siku nyingi. Ulipokuwa tayari ulikuwa na sura ya kitu cha kutupa. Huo ndio ulioliwa. Mweupe wa haraka haukuliwa, na chuoni nilifundishwa kwa nini: ile sumu iliyomo ndani ya muhogo inahitaji muda wa kutoka, na anayeila wiki baada ya wiki anaweza kupooza miguu asitembee tena.

"Wifi, huu ni muhogo mchungu," nilisema.

"Mtamu wote umeliwa na nguruwe."

"Na mnautwanga mbichi?"

"Tunautwanga, tunaukamua, tunauanika. Jioni tunasaga." Alichota unga konzi moja akaupeleka puani mwangu. "Tazama weupe huo. Sembe itaona haya."

"Mama yangu angeuvundika kwanza."

"Mama yako hakuwa na ua uliojaa wageni." Wanawake wengine wakacheka. "Njoo ukae hapa wiki moja, Mwalimu, uwaambie watu wangoje ukungu uote."

Karibu na kinu, mama mmoja alikuwa ameinamisha kichwa magotini. Nikamuuliza ana nini. Kizunguzungu, alisema, na tangu jana anatapika. Olinda akajibu kabla sijauliza la pili: "Ametembea kutoka Mueda na mtoto mgongoni. Wewe usingetapika?" Kila mtu akatikisa kichwa kwa huruma. Jibu lilikuwa zuri. Hata mimi, kwa kitambo kidogo, nililiona zuri.

Haukupita muda mrefu, lori likaingia shuleni na magunia ya Olinda, aliyekuwa amepewa kazi ya kulisha shule.

Mkuu wetu wa shule alikuwa Bi Rehema, mtu wa Mikindani, nadhifu, mkali kwenye kazi. Simsemi vibaya hapa wala hapo mbele. Alifungua gunia mwenyewe, akazamisha mkono hadi kifundo, akauacha unga uteleze katikati ya vidole. "Mashallah," alisema. "Hatimaye tumepata chakula cha watu."

Niliomba kikao cha walimu. Nikaeleza nilichokiona Kilambo, hatua kwa hatua, kama nafundisha. Nilipomaliza, Thabiti, mwalimu wa hesabu, alikohoa.

"Mkuu, tusifichane. Huyu mama aliyeleta unga ni wifi yake Mwalimu Esta."

"Na wewe shemeji zako wanakuletea maua?" nikamuuliza.

Wakacheka, na hilo halikunisaidia. Bi Rehema alingoja kicheko kiishe. Alikuwa na mazoea ya kuhamia kwenye Kiingereza anapotaka neno libaki limesimama. "Mwalimu Esta," alisema, "your objection is specious."

Waliojua neno hilo walitazama meza. Wasiolijua walinitazama usoni wapate maana yake.

Specious ni neno ninalolifundisha kila mwaka, na wanafunzi hulikosea kila mwaka. Hudhani lina maana ya uongo. Siyo. Kitu kibaya chenye sura mbaya hakistahili neno hilo hata kidogo. Lazima kwanza kipendeze. Tena hawalitumii kwa nyumba iliyopakwa chokaa juu ya nyufa, wala kwa mwizi aliyevaa suti. Mahali pake hasa ni kwenye maneno: hoja, sababu, maelezo. Unayasikia, yanateleza, yanakaa mahali pake, unaitikia kwa kichwa, na ndani hamna kitu. Nayo yanaweza kutoka kinywani mwa mtu mnyofu kabisa. Nilikuwa nawaambia wasichana: msitafute mwongo, itafuteni hoja.

Bi Rehema alilitumia bila kosa lolote. Sayansi juu, chuki chini. Ndivyo alivyoniona, na chuki aliyoiona ilikuwepo. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake, labda ningesema hivyo hivyo, kwa neno hilo hilo.

Nje, Thabiti akanifuata. "Samahani, Mwalimu. Alikusifu au alikutukana?"

"Alinitukana kwa adabu. Wewe hukuwa nayo."

Bi Rehema hakutaka ionekane kwamba amenionea. Aliamua tufanye kama watu wa huku wanavyofanya. Pwani na bara, tajiri na maskini, hili tunalo sote: aliyeleta chakula akishukiwa, anakula yeye kwanza mbele za watu. Akila akasimama mzima, aliyemshuku anafunga mdomo. Olinda akaitwa.

"Hilo halijibu swali langu," nilimwambia Bi Rehema. "Desturi hiyo inauliza kama kuna mkono uliotia kitu. Mimi sisemi ametia kitu. Nasema kuna kitu hakukitoa. Mtu mzima aliyeshiba akila sahani moja na samaki, huenda asione lolote. Hawa wataula mchana na jioni, wiki baada ya wiki, na mchicha uliochemshwa kwa maji tu."

"Sasa anaogopa," mtu akasema nyuma yangu.

Olinda alikuja na kanga mpya. Ugali wake ulisongwa, ukawekwa kwenye meza ya mbele ya bwalo, mweupe kama shuka la hospitali, na samaki wa kuchoma pembeni. Wasichana walijazana madirishani. Alinawa mikono taratibu, akanitazama.

"Nile kiasi gani, wifi yangu? Sema wewe, usije ukasema nilidokoa."

"Kula unavyowalisha wao."

"Basi nijazie," akamwambia Mzee Shaibu, na watu wakapiga vigelegele.

Alikula. Alikula kama mtu aliye nyumbani kwake, anasimulia kisa cha dereva wa lori kati ya tonge na tonge, na kila aliyemkaribia alimkatia kipande cha samaki. Alimaliza, akalamba vidole kimoja kimoja, akasimama, akajigeuza mzima mzima kama anayepimwa gauni. "Bado nipo hai," alisema. "Mnisamehe."

Kicheko kilitikisa bwalo. Nilitazama dirishani nikamwona Celeste. Alikuwa anampigia shangazi yake makofi, mikono juu ya kichwa.

Alasiri hiyo nilichukua unga kidogo kwenye kopo nikampelekea bwana shamba. Akanijibu kwa heshima kwamba kitu cha namna hii hupimwa Dar es Salaam, na majibu yakiwahi ni mwezi ujao. Nilirudi kwa Bi Rehema nikamwomba angalau unga uloweshwe na kuanikwa upya. Aliniuliza wasichana wale nini wakati unga unakauka. Akasema unga utapikwa kesho mchana, na kwamba baada ya kipindi cha kwanza funguo za stoo ziwe mezani kwake, la sivyo kufuli litavunjwa.

Ningeweza kumtoa Celeste. Homa kidogo, ruhusa ya wiki mbili, akakaa nyumbani kwangu akala nilichompikia. Njia hiyo ilikuwa wazi, na niliitazama vizuri kabla ya kuiacha. Wale wengine mama zao walikuwa Newala, Masasi, na ng'ambo ya mto. Hakukuwa na aliyejua kwamba kuna cha kuogopa isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa na funguo hadi mwisho wa kipindi cha kwanza.

Mafuta ya taa yalikuwa humo humo stoo, madebe ya taa za bwenini.

Bi Rehema alipofika na Mzee Shaibu na walimu nusu ya shule, nilikuwa nafunga gunia la mwisho. Hakupiga kelele. Alisimama na leso puani, macho yanamlengalenga kwa harufu au kwa hasira. "Huna mtoto?" aliniuliza.

"Ninaye. Yuko kidato cha kwanza."

"Basi nenda ukamwambie atakula nini leo."

Walikula mabibo, kwa kuwa msimu ulikuwa wake, na maembe mabichi, na kunde zilizochemshwa bila chumvi, mpaka mtama ulipopatikana. Siku zile zilikuwa mbaya, sizipunguzi. Walizimia wawili kwenye gwaride la asubuhi kwa njaa, na watu waliwahesabu hao kwangu. Wasichana walitunga wimbo kuhusu mwalimu anayewasha taa kwa unga. Ulikuwa na kibwagizo kizuri. Nikiwa nafungasha vitabu vyangu niliusikia bwenini, na sauti moja ndani yake niliijua, kwa sababu niliizaa.

Nikashushwa cheo, nikapelekwa shule ya msingi huko huko kwetu Nanyamba, kufundisha watoto kuhesabu kwa vijiti. Olinda akapoteza kazi ya kulisha shule, na baada ya hapo hakuna shule iliyotaka hadithi yake na yangu mlangoni kwake. Adelino hakuniacha. Aliacha kuniongelesha. Alikuja kila mwisho wa wiki, akala, akatengeneza kilichovunjika, akaondoka, na maneno yake yote kwa mwaka mzima ungeweza kuyaandika kwenye kiganja.

Na hakuna msichana aliyeumwa kwa unga. Hapo ndipo nilipozama. Ningewaacha wale, wangetapika, wangeanguka, Mungu apishe mbali angekufa mmoja, na mimi ningekuwa mwalimu aliyejua. Kwa kuwa hawakula, hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Ulibaki ugomvi wa mawifi peke yake.

Miaka saba ikapita hivyo. Mwaka 1975 ng'ambo wakapata uhuru wao, na watu wa Kilambo wakaanza kurudi makwao. Olinda naye akasema anarudi, na ukoo mzima ukaenda kumsindikiza. Sikutaka kwenda. Adelino aliweka viatu vyangu mlangoni, akangoja.

Ngoma zilikuwa zinapigwa tangu barabarani. Olinda alikuwa ameshikwa na uzee kidogo, lakini kanga bado mpya. Alinishika mkono, akanivuta pembeni ya mizigo yake.

"Wifi, sitaki kuvuka na kinyongo. Nimekusamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa sahani ile." Alisema kwa sauti ya chini, ya upole, kama anayemfariji mtu. "Sikuwahi kukwambia. Nilitoka pale shuleni nikafika dukani kwa Salumu kungoja lori, kichwa kikapasuka. Nikatapika mpaka nyongo. Miguu hii si yangu. Wakanilaza nyuma ya duka, nikasema leo nakufa. Nilikumbuka ulivyonitazama nikila. Hukupepesa, Esta. Kila tonge ulilitazama."

Nilimtazama tena, hapo hapo, na nikaona anasema kweli yote anayoijua.

"Ulimwambia nani?"

"Niliwaambia wenyewe tu. Adelino. Mama, Mungu amrehemu. Celeste alipokuwa mkubwa. Hatukutaka kukuaibisha nje kwamba umemroga wifi yako."

"Olinda. Ulikula unga wako."

Alicheka. Hakucheka kwa dharau. Ningependa iwe dharau. "Una jibu kwa kila kitu, Mwalimu. Ndiyo elimu hiyo." Akanikumbatia mbele ya watu wote, akanukia karafuu, na watu wakapiga vigelegele kwa kuona mawifi wamepatana. Kisha akaingia kwenye mtumbwi, akashika mapaja kwa mikono miwili kabla ya kukaa, akavuka.

Njiani kurudi nilimweleza Celeste. Alikuwa mwalimu mwanafunzi wakati huo, anasoma kuliko nilivyosoma mimi. Nikamweleza sahani, kutapika, mama yule wa Kilambo aliyeinamisha kichwa, vyote, kwa mpangilio. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama," alisema, "hayo yamepita," kwa sauti ile watu wanayoitumia kwa wagonjwa. Adelino alikuwa anatazama mikorosho.

Mwisho wa mwaka huo nilikuwa Mtwara mjini, kwenye foleni ya sukari duka la ushirika. Mwanamke wa mbele yangu aligeuka, akanitazama, akageuka tena mzima mzima.

"Wewe si Mwalimu Esta?"

"Ndiye."

"Mwasiti. Nilikuwa kiranja wa bweni la pili. Niliapa nikikutana na wewe nikiwa mtu mzima nitakwambia."

"Niambie."

Akaniambia. Alikuwa na mimba kubwa, na mtoto mwingine akimvuta kanga, na hayo hayakumpunguzia kasi. Alisema jinsi matumbo yalivyowauma kwa mabibo, jinsi mdogo wake alivyolia bwenini, jinsi mwalimu mwenye mshahara anavyoweza kuwakomoa watoto wa watu kwa ugomvi wa ukweni. Muuza duka aliacha kupima. Sauti yake ilipanda, ikapata nguvu zaidi, ikafika mpaka ng'ambo ya barabara ambako watu walisimama kutazama.

"Umemaliza?" nilimuuliza alipovuta pumzi.

"Sijamaliza!"

Basi nikamwacha aendelee. Alipochoka, alichukua sukari yake, akambeba mtoto kiunoni juu ya ile mimba, akashika njia ya Shangani katikati ya jua, anatembea haraka, bado anasema. Nilitoka kwenye foleni nikasimama barazani, nikaitazama miguu yake inavyokwenda mpaka alipokata kona.